Greg, Nikki, Tom au Nate? Kuchagua shajara ya vichekesho vya shule

Usiku wa manane, katikati ya likizo ya kiangazi, Rodrick anamwamsha mdogo wake Greg. Amevaa nguo za shule. Ameisogeza mbele saa ya Greg na kufunga mapazia ili giza la nje lisionekane, kisha anamwambia kwamba amelala likizo nzima na leo ndiyo siku ya kufungua shule. Greg anavaa mbiombio, anashuka kutafuta kifungua kinywa, makelele yanajaa nyumba, na mara baba anatokea akifoka: nani anakula saa tisa usiku? Greg anapokwenda kumshtaki kaka yake, Rodrick yuko kitandani, eti amelala fofofo.

Kisa hicho kimo katika kurasa za mwanzo za Diary of a Wimpy Kid. Nimekisoma na watoto wa kila namna, wakiwemo wale ambao wakipewa kitabu huuliza kwanza kina kurasa ngapi. Wengi hucheka kabla Greg mwenyewe hajang'amua kilichompata. Mtoto anapogundua kwamba amemtangulia msimulizi, anakaa wima na kufungua ukurasa unaofuata bila kuambiwa. Ndiyo sababu navipenda vitabu hivi, vile vya hadithi ya kuchekesha iliyoandikwa kama daftari la mwanafunzi, maandishi na michoro vikienda pamoja.

Tatizo ni kwamba vimekuwa vingi, na kwa mbali vinafanana kama mapacha: jalada la rangi kali, mwandiko wa mkono, mtoto aliyechorwa kwa kalamu. Mzazi, shangazi au mwalimu anachukua cha kwanza kilicho mbele yake, mtoto anakisoma kurasa kumi na kukiweka pembeni, na hukumu inatolewa kwamba "huyu hapendi kusoma". Mara nyingi kosa liko kwenye uchaguzi. Basi nimechukua mifululizo minne ninayoijua vizuri ili niilinganishe: Diary of a Wimpy Kid ya Jeff Kinney, Dork Diaries ya Rachel Renée Russell, Tom Gates ya Liz Pichon, na Big Nate ya Lincoln Peirce.

Vigezo vyangu

Jambo la kwanza ninaloangalia ni kazi ya picha. Katika vitabu vingi vya watoto picha ni pambo, ukiifunika hadithi inabaki. Hapa ukifunika picha unapoteza nusu ya kichekesho, lakini kila mwandishi anaitumia kwa njia yake, na njia hiyo ndiyo inayoamua ni mtoto gani atakifurahia kitabu.

La pili ni mwenye daftari. Mtoto atakaa na sauti moja kwa zaidi ya kurasa mia mbili. Je, ni sauti ya mtu gani?

La tatu ni lugha. Vitabu vyote vinne viliandikwa kwa Kiingereza, vitatu cha Marekani na kimoja cha Uingereza, na ugumu wake hautokani na wingi wa maneno tu. La nne ni shule yenyewe: walimu, wababe, aibu, mapenzi ya kitoto, na jinsi mambo hayo yanavyouma. La mwisho ni kama vitabu vinafuatana au kila kimoja kinajitegemea.

Kuna kigezo kimoja ambacho sikitumii, ingawa ndicho ninachoulizwa kila mara: ni cha wavulana au cha wasichana? Nimewaona wavulana wakimsoma Nikki kwa siri, kitabu kimefichwa ndani ya kingine, na wasichana wakimwona Greg kama kaka yao. Jinsia ya mhusika haikuambii chochote kuhusu kile kitakachomchekesha mtoto wako.

Wanne wenyewe

Greg Heffley ni mwanafunzi wa shule ya kati ya Kimarekani, ile inayokuwa katikati ya msingi na sekondari ya juu. Kinney alitaka kuwa mchora katuni wa magazeti na hakufanikiwa. Akafanya kazi ya hadithi hii kwa miaka mingi, ikaanza kutoka kidogo kidogo kwenye tovuti ya Funbrain mwaka 2004, na ikawa kitabu mwaka 2007. Leo mfululizo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 250, na kwa wengi ndio uliotengeneza sura ya aina hii ya vitabu.

Nikki Maxwell ana miaka 14 na ni mgeni katika shule ya kulipia ya watoto wa matajiri. Yuko pale kwa sababu baba yake anaua wadudu, na mkataba wake na shule ndio uliomletea binti nafasi ya masomo. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2009. Russell alikuwa mwanasheria kwa taaluma, na binti yake, ambaye naye anaitwa Nikki, husaidia katika michoro.

Tom Gates yuko darasa la tano katika shule ya Oakfield, Uingereza. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2011 na mwaka huohuo kikapata Roald Dahl Funny Prize, tuzo ya vitabu vya kuchekesha vya watoto.

Nate Wright wa darasa la sita ni mkubwa kuliko wote kwa umri wa uchapishaji: alianza kama katuni ya magazetini mwaka 1991, na riwaya zake zikaanza mwaka 2010. Kusema kweli, riwaya hizo si shajara. Nimeziingiza kwa sababu ni ndugu wa damu. Kinney akiwa chuoni alimwandikia Peirce barua, wakaendelea kuandikiana, na mtoto anayemaliza vitabu vya Greg mara nyingi hukabidhiwa Nate kana kwamba ni kitu kilekile. Sicho, na tofauti yake inafaa kujulikana kabla ya kununua.

Picha zinafanya nini

Hapa ndipo ninapokaa zaidi, maana hapa ndipo vitabu hivi vinapoachana njia.

Michoro ya Greg ni mistari michache: vichwa vya duara, nywele tatu, madoa mawili kuwa macho. Mtoto yeyote anaamini angeweza kuichora. Lakini usahili huo una hila, kwa sababu mara kwa mara maandishi yanasema hili na picha inaonyesha lile. Mwenye shajara anajisafisha, picha inamshtaki. Chukua kisa cha mnyoo. Greg na rafiki yake Rowley wamepewa kazi ya kuwasindikiza watoto wadogo kwenda nyumbani. Siku moja Greg, akiwa peke yake nao, anawakimbiza watoto hao akiwa na mnyoo kwenye ncha ya kijiti. Kwake ni utani tu. Ila alikuwa amevaa koti la Rowley, mtu mzima akamwona kwa mbali, na anayeadhibiwa ni Rowley. Greg anamwomba mama yake ushauri bila kumweleza kisa chenyewe, mama anamwambia afanye lililo sahihi, na Greg anafikiri kwa kina na kufikia uamuzi kwamba lililo sahihi ni kumwacha Rowley aubebe mzigo.

Hakuna mahali kitabu kinaposimama na kusema Greg amekosea. Msomaji anapaswa kulijua mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa au kumi anayelitambua hilo amejifunza jambo kubwa la usomaji, kwamba msimulizi anaweza kudanganya, hata kujidanganya. Mtoto ambaye bado anaamini kila kinachoandikwa atafikiri Greg ana haki. Huyo hajachelewa kwa lolote, ni wakati wake tu ambao haujafika.

Kwa Nikki, picha haipingi maneno, inayapandisha sauti. Michoro imejaa: macho makubwa, nguo zenye nakshi, nywele zilizochorwa unywele kwa unywele, machozi yanayoruka kama chemchemi. Akiaibika, anachora aibu ile kama yeye anavyoihisi, si kama ilivyotokea. Kuna picha za mambo yaliyotukia na picha za mambo aliyoyawaza, na kichekesho kiko kwenye umbali kati ya hizo mbili. Mtoto mwenye hisia za karibu, anayerudi nyumbani na kusimulia siku yake kwa mikono miwili, anajiona humo mara moja. Isitoshe, Nikki ni msanii ndani ya hadithi yenyewe, na katika kitabu cha kwanza shindano la sanaa la shule ndilo linalobeba kisa. Kwa hiyo uchoraji una uzito kwake kuliko kwa Greg, ambaye anachora kwa sababu tu daftari lipo.

Tom anakwenda mbali zaidi. Kwake mpaka kati ya neno na picha umefutwa. Neno linalomaanisha kelele limechorwa likipasuka, neno la kuchoka limelala ubavu, pembezoni mwa ukurasa kuna wadudu na mazimwi madogo yasiyo na kazi yoyote ila kuwapo. Kitabu kinaonekana kama daftari halisi la mwanafunzi asiyetulia, na mwalimu wake, Bwana Fullerman mwenye macho yasiyokosa kitu, anaandika maoni yake humohumo kwenye kazi. Maoni hayo nayapenda kuliko kitu kingine chochote katika mfululizo huo. Tom anajaza ukurasa kwa kisingizio kirefu, na chini mwalimu anajibu kwa sentensi moja fupi kuonyesha kwamba hajadanganyika. Hapo msomaji anapata sauti ya pili, ya mtu mzima mwenye subira, jambo ambalo Greg hampi nafasi mtu yeyote kulifanya.

Nate ni kisa kingine. Yeye anasimulia kwa maandishi ya kawaida ya chapa, kisha maandishi yanasimama na katuni inachukua zamu, fremu tatu au nne zenye mazungumzo ndani ya viputo, halafu maandishi yanarudi. Ukiziruka katuni hutaelewa aya inayofuata. Anayetoka kwenye vitabu vya katuni tupu atapata daraja zuri hapa, kwa kuwa tayari anajua kusoma fremu na anachojifunza ni kustahimili aya. Anayetafuta hisia ya kuchungulia daftari la siri la mtu hataipata.

Mwenye daftari ni nani

Greg ni mvivu, mjanja, mwenye kujipenda, na ana uhakika kwamba siku moja atakuwa tajiri na maarufu. Anakubali kuandika daftari alilonunuliwa na mama yake kwa sababu hiyo hasa: waandishi wa habari wakija kumuuliza maswali atawapa daftari wasome. Wazazi wengine humkataa kwa sababu ya tabia yake. Nawaelewa, lakini nadhani wanamsoma kama mfano wa kuigwa wakati ameandikwa kama kioo. Watoto wanamjua Greg. Wamewahi kuwa Greg kwa dakika tano, siku walipomwacha rafiki alaumiwe. Na tukiwa wa haki, mwishoni mwa kitabu cha kwanza anafanya jambo moja la kumkinga Rowley dhidi ya aibu kubwa, na linamgharimu. Halipambi kwa maneno, ila wasomaji makini hulitambua.

Nikki ni mwema wa moyo na mwingi wa kukuza mambo. Gari la baba yake la kazini lina mende mkubwa juu ya paa, na hofu yake ya kuonekana akishuka kutoka ndani ya gari hilo mbele ya shule inachekesha na inauma kwa pamoja. Ana adui, MacKenzie, mrembo mwenye pesa ambaye kabati lake la shule liko jirani na la Nikki. Ana marafiki wawili, Chloe na Zoey, waliokutana naye kwenye kazi ya kupanga vitabu maktabani. Ana mdogo wake Brianna, aliyechora uso mkononi mwake na kuuita jina kama mtu. Kwa maoni yangu urafiki wa wale watatu maktabani ndio moyo wa mfululizo mzima, na ndiyo sababu nakerwa mtu anaposema ni vitabu vya nguo na urembo tu. Nguo zimo nyingi, ndiyo. Lakini chini yake kuna mtoto anayejifunza kuwaamini marafiki kiasi cha kuwaambia kwao hakuna utajiri.

Tom hana adui wa kweli. Ana dada mkubwa, Delia, asiyevua miwani ya jua, ambaye kumchokoza ni kazi yake ya kila siku. Ana jirani wa dawati, Marcus, anayemkera. Ana rafiki wa dhati, Derek, na bendi yao ya DogZombies. Shida zake ni za ukubwa wake: kuchelewa, kazi ya nyumbani, namna ya kupata tiketi za tamasha la bendi anayoipenda. Ni sauti nyepesi kuliko zote nne.

Nate anajiamini kupita kiasi, na hilo ndilo linalomponza. Katika riwaya ya kwanza anapata kikaratasi cha bahati kinachomwambia kwamba leo atawapita wote, basi anaianza siku akitafuta ni katika jambo gani. Kila jaribio linamalizikia kwa mwalimu kumpa adhabu ya kubaki shuleni baada ya masomo, na vikaratasi vya adhabu vinarundikana kipindi kwa kipindi. Ukifika mwisho unaelewa amewapita wenzake katika nini. Ni kitabu cha siku moja, kimefungwa vizuri kama kisanduku, na kwa ufundi wa kupanga kisa nadhani kinakishinda kitabu cha kwanza cha Greg, ambacho ni mfuatano wa visa vidogovidogo.

Lugha na uzito wa kusoma

Kwa mtoto anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, kigezo hiki huamua kila kitu.

Greg anaandika sentensi fupi na za wazi. Aya zake ni mistari mitatu, minne, kisha picha. Kitabu cha kwanza kina kurasa 217, idadi ambayo mfululizo umeishikilia, lakini maneno katika kila ukurasa ni machache, na mtoto huona fahari kubwa kumaliza kitabu kinene hivyo. Kati ya wanne hawa ndiye rahisi zaidi kwa anayejifunza lugha. Kinachoweza kumkwamisha ni mambo ya maisha ya Kimarekani, na mengi ya hayo picha inayaeleza.

Nikki anaandika kama anavyoongea: vifupisho vya ujumbe wa simu, herufi kubwa, alama za mshangao tatutatu, nyuso za furaha na huzuni katikati ya sentensi. Anaandika mengi pia. Anayejua lugha ya vijana wa mitandaoni ataelea humo, na anayejifunzia Kiingereza kwenye vitabu vya darasani atakutana na maneno ambayo kamusi yake haina.

Tom ndiye anayewadanganya watu wazima. Kitabu kinaonekana chepesi, maneno machache, picha kila mahali, na kwa mtoto ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake ya nyumbani kweli ni chepesi. Liz Pichon amesema wazi kwamba yeye mwenyewe ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, na ukurasa wake uliovunjwavunjwa unampumzisha mtoto anayeogopa ukuta wa maandishi. Lakini kwa anayejifunza lugha, herufi zilizochorwa zikipinda na kupasuka ni kikwazo: hana hakika kama neno ni geni au ameshindwa tu kulisoma umbo lake. Nimemwona msichana mmoja, msomaji hodari, akikwama kwenye neno alilolijua vizuri kwa sababu tu lilikuwa limechorwa likitiririka kama maji. Nilipoliandika kwa herufi za kawaida kwenye kikaratasi alilisoma papo hapo. Kwa mtoto wa namna hiyo, soma naye kurasa ishirini za mwanzo. Baada ya hapo jicho huzoea.

Nate yuko katikati. Chapa yake inasomeka, ila utani wake mwingi ni wa kucheza na maneno na majina ya kejeli anayowabandika walimu, na utani wa aina hiyo ndio mgumu kuliko wote kuuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine.

Shule inavyouma

Shule ya Greg ina ukatili mdogomdogo wa kila siku. Mfano maarufu ni kipande cha jibini kilichooza kwenye uwanja wa mpira wa kikapu: anayekigusa anakuwa na nuksi, na wote humkimbia hadi amguse mwingine na kumwambukiza. Kila shule duniani ina mchezo wa namna hiyo, na kila mtoto anamjua aliyewahi kubaki na nuksi. Kitabu kinauonyesha bila kufundisha. Ukimsomea mtoto mdogo, hapo ni pazuri pa kusimama na kumuuliza yule aliyebaki na jibini alijisikiaje.

Uonevu anaoupata Nikki ni wa maneno na wa kutengwa, na unarudi kitabu baada ya kitabu. Pia kuna Brandon, kijana mpiga picha anayemfanya Nikki akose maneno. Ni mapenzi ya kuona haya na hayavuki mipaka, lakini yanachukua nafasi kubwa, na mtoto wa miaka saba au minane hupiga miayo kwenye kurasa hizo. Kwa aliyehama shule na kula peke yake wiki mbili, sijui kitabu cha kuchekesha kinachomwelewa zaidi.

Kwa Tom na Nate shule ni salama zaidi. Nate anagombana hasa na mwalimu wake, Bi Godfrey, na ugomvi wao ni wa katuni. Tom anachoogopa zaidi ni barua kwenda kwa wazazi wake.

Kufuatana kwa vitabu

Greg, Tom na Nate unaweza kuwaanza popote. Greg hakui, kitabu kimoja hakimsubiri mwenzake. Nikki sivyo: vitabu vyake vya mwanzo vinatembea na kalenda, kila kimoja kikichukua pale cha kabla yake kilipoishia, na uhusiano wake na marafiki na maadui unaendelea. Anayeanza na cha tano atakuwa kama aliyeingia msibani bila kujua nani amefariki. Ukimnunulia Nikki, anza na cha kwanza.

Umchagulie nani, kwa hali gani

Mtoto wako ana miaka saba au minane, anachora kila karatasi anayoishika na hakai kwenye kiti: mpe Tom, na umpe daftari tupu na kalamu nyeusi siku hiyohiyo. Sijaona mfululizo unaomfanya mtoto aanze daftari lake mwenyewe haraka kama huu.

Ana miaka tisa hadi kumi na miwili, anasema kusoma kunachosha, na Kiingereza chake bado kinajengeka: Greg. Ila msome naye angalau kisa cha mnyoo, umuulize nani alikosea. Akikujibu bila kusita kwamba ni Greg, mwache aendelee peke yake. Akisema ni Rowley, au yule mtu mzima aliyemwona, endeleeni pamoja kwa muda.

Amehamia shule mpya, au amegundua kwamba wenzake wana vitu ambavyo nyumbani kwenu havipo, na ana umri wa miaka kumi au zaidi: Nikki, awe msichana au mvulana. Usimpe mbele ya watu kama unajua atataniwa.

Anasoma katuni tu na unataka ahamie kwenye maandishi bila vita: Nate. Usimwambie kwamba ni hatua ya kumtoa kwenye katuni, kwa sababu si lazima atoke.

Una watoto wawili wanaogombania kitabu kimoja na mmoja ni mdogo: Tom au Nate, kwa sababu mdogo anaweza kufuata michoro na mkubwa akabaki na maneno. Nikki atamchosha mdogo, na Greg watamcheka wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake.

Unachagulia darasa zima au rafu ya maktaba na fedha zinatosha vitabu vichache: usinunue vitabu vinne vya mhusika mmoja. Nunua cha kwanza cha kila mfululizo, viache viazimwe kwa muhula mmoja, kisha tazama ni kipi kimechakaa pembe. Vinavyofuata vya mhusika huyo ndivyo vya kuongeza.

Na ikiwa mtoto alishapewa mmoja wa hawa akamkataa, muulize alichoka wapi, kwenye ukurasa gani hasa, kisha ufungue ukurasa huo uuangalie. Kama umejaa maandishi, mjaribishe Tom. Kama kuna mtu anaaibishwa, pengine kimemgusa mahali, na hapo acheni kitabu kwanza mzungumze. Kama anasema tu "huyu Greg ana roho mbaya", basi amesoma vizuri sana, na Nikki anamsubiri.